Uchangamfu Umo Ndani ya Kitenzi

Chukua sentensi ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza Kibiti anaweza kukutana nayo katika zoezi la Kiingereza: nahodha amewapokea abiria "cheerfully". Mwanafunzi huyu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Manahodha anawajua. Amewaona pale Nyamisati wakipakia watu wa Mbwera na Salale, na anajua yupi mcheshi na yupi ananuna tangu gatini mpaka kwenye mikoko. Kinachomsumbua ni hilo neno la mwisho. Anafungua kamusi, anakuta "kwa furaha", anaandika: "Nahodha aliwapokea abiria kwa furaha." Mwalimu anaweka vema.

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini imesema jambo jingine. Furaha inakaa ndani ya mtu. Nahodha anaweza kuwa na furaha kwa sababu boti imejaa na nauli imetimia, na bado asimtazame abiria hata mmoja usoni. Kielezi cha Kiingereza kilikuwa kinazungumzia kinachoonekana na kusikika: uso, sauti, namna ya kumsogelea mgeni.

Kiingereza kina njia rahisi ya kuunda vielezi hivi. Huchukua kivumishi na kukiongezea "-ly", na kazi imekwisha: "warmly", "kindly", "heartily". Njia yenyewe ina mitego, kwa kuwa "friendly" na "lively" zina mkia uleule ilhali ni vivumishi. Mwanafunzi anayezifanya vielezi anakosa kwa sababu amefuata kanuni aliyofundishwa.

Kiswahili hakina mkia mmoja wa namna hiyo. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alieleza jinsi viambishi "ki-" na "vi-" vinavyounda vielezi, na vyote viwili vinasikika kila siku. "Vi-" inatupa "vizuri", na nikisema kweli ndilo neno ambalo mtu wa Kibiti atalitumia kwanza: "Katupokea vizuri mno." Maelezo mengine yatatoka kwenye sauti yake. "Ki-" inatupa "kirafiki", "kindugu", "kijirani", "kiungwana". Maneno haya hufananisha tendo na desturi za kundi la watu, kwa hiyo yanataja aina ya uhusiano kuliko hali ya uso. Ndiyo maana mechi ya kirafiki inaweza kuchezwa kwa rafu dakika tisini na ikabaki kuitwa ya kirafiki.

Kisha kuna "kwa" pamoja na nomino, njia ambayo wafasiri wanaikimbilia mno. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao kamusi huubana katika mstari mmoja. "Kwa bashasha" ni uso: mgeni ameonekana, na uso umebadilika. "Kwa ukarimu" kunahitaji kitu kitolewe, ukumbi wa kulala au sahani ya wali kwa samaki. "Kwa mikono miwili" ni kukubali bila masharti, na wazo au mradi unaweza kupokewa hivyo pia. "Kwa moyo mkunjufu" ni kutokuwa na kinyongo, hata kama aliyekuja ana deni lako. Mtu anaweza kukupokea kwa bashasha bila ukarimu wowote, na bibi asiyecheka kamwe anaweza kukulisha wiki nzima. Mwalimu anayeruhusu maneno haya manne yabadilishane nafasi anamnyima mwanafunzi uwezo wa kutofautisha tabia za watu.

Hata hivyo, nguvu kubwa ya lugha yetu katika jambo hili haimo kwenye vielezi kabisa. Imo kwenye mnyambuliko. Mtu anachangamka. Ukiongeza kauli ya kutendea, anakuchangamkia, yaani uchangamfu wake sasa una anayeelekezewa. "Nahodha aliwachangamkia abiria": maneno matatu, hakuna "kwa", na mapokezi, uso na sauti vyote vimo ndani. Kitenzi hiki kina uhai kiasi kwamba matangazo ya mikopo na biashara yamekichukua na kutuhimiza kila siku tuchangamkie fursa.

Tazama pia "kunja". Mtu anaweza kukukunjia uso. Kauli ya kutendua inageuza tendo hilo kuwa "kunjua", nayo ya kutendea inarudi juu yake: alitukunjulia uso. Katika mzizi huohuo tunapata "-kunjufu" na "ukunjufu". Kiingereza kingehitaji kitenzi, kielezi na kihusishi kusema yaliyofungwa ndani ya "alitukunjulia". Kinyume chake kinaundwa kwa ufundi uleule: "alitununia".

Kauli hii ya kutendea inahitaji uangalifu. "Kumchekea" mtu kunaweza kuwa kumpa tabasamu, na kunaweza kuwa kumlegezea. Mkulima wa mpunga na mahindi bondeni Rufiji hahitaji kufundishwa tofauti hiyo, maana ukimchekea nyani utavuna mabua.

Kuna mahali ambapo kitenzi pekee hakitoshi. Tuseme nahodha amekataa kupunguza nauli, lakini amekataa kwa uchangamfu. Huwezi kusema aliwachangamkia, maana kukataa kutapotea. Hapo Kiswahili huweka matendo mawili sambamba: "Alikataa huku akicheka." Ni bora kuliko "alikataa kwa furaha", ambayo inamfanya aonekane katili. Na pale ambapo hakuna anayeelekezewa tendo, "kwa" inastahili nafasi yake: alipiga kasia kwa moyo mkunjufu. Na si kila kielezi cha aina hii kina uchangamfu: "kindly" ya barua za ofisini, inayotangulia kila ombi la kusaini fomu, haina ukarimu wowote ndani yake. Ni "tafadhali" tu.

Mwanafunzi wa Kibiti ana mtaji mwingine ambao shule haijautumia. Nyumba nyingi za eneo hili zina wazee wanaozungumza Kindengereko, lugha ambayo Eva-Marie Ström aliiandikia tasnifu katika Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, mwaka 2013. Ni lugha ya Kibantu, nayo hunyambua vitenzi vyake. Mtoto aliyelelewa na bibi wa Kindengereko hajifunzi kauli ya kutendea ubaoni. Ameisikia tangu akiwa mgongoni.

Kwa hiyo naomba walimu wa lugha wa Kibiti na delta yote ya Rufiji wabadilishe mpangilio wa zoezi hili. Kabla ya kumuuliza mwanafunzi kielezi fulani kinaitwaje kwa Kiswahili, mwulizeni nahodha alifanya nini, na alimfanyia nani. Mwacheni atafute kitenzi. Akikikosa, atafute tendo la pili la kuandamana nalo. "Kwa furaha" ibaki kuwa jibu la mwisho, na apewe vema pale tu nahodha anapokuwa kweli amefurahi.