Kupatwa kwa jua kusikowezekana

Nakala ya Mashimo ya Mfalme Sulemani iliyokuwa nyumbani haikuwa na jalada, na niliisoma mara mbili kabla sijamaliza shule ya msingi. Mwezi uliopita nimeirudia. Nimekwama pale pale nilipokuwa nikishangilia zamani.

Mnaikumbuka sehemu hiyo. Wazungu watatu wako kwa Wakukuana, na wakuu wanadai ishara kwamba Ignosi ndiye mfalme wa haki. Kapteni Good anachungulia kitabu chake cha kalenda, anakuta kupatwa kunakaribia. Basi wanajitapa kwamba watauzima mwanga wa mbinguni. Giza linaingia, umati unapagawa, msichana Foulata anaokoka.

Sasa tupige hesabu. Katika toleo la kwanza la Kiingereza, la 1885, Haggard alitumia kupatwa kwa jua, ilhali usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu. Haiwezekani, jamani! Jua hupatwa pale mwezi unapopita katikati, kati yetu na jua. Siku hiyo upande wake wenye mwanga unatazama jua, sisi tumepewa kisogo, yaani mwezi unaandama. Ukiwa mpevu uko upande wa pili wa dunia, na kufika mbele ya jua kunahitaji wiki mbili hivi. Isitoshe, giza lake linadumu mno, wakati jua likipatwa lote, mahali pamoja haliwezi kuzidi dakika saba na nusu hivi.

Matoleo ya baadaye yakasahihishwa, jua likawa mwezi. Falaki ikapona. Dharau ikabaki: mwenye kalenda anajua, mwenyeji anatetemeka.

Mwaka 1929 Frederick Johnson akakileta kitabu kwa Kiswahili. Na lugha yake sina ugomvi, imenifunza maneno mengi. Lakini hebu fikiria msomaji wa Tanga au Lamu wa miaka ile. Madrasa alikosoma kuna swala maalumu ya kupatwa, ya jua na ya mwezi. Tarehe zake anazihesabu kwa mwandamo. Kama ni mvuvi, anajua bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Ndiyo, wapo pia waliosema chewa kameza mwezi, sikatai. Ila mtu wa namna hii, ukimwambia jua limepatwa kesho yake baada ya mwezi mpevu, angekucheka usoni.

Tarehe 1 Septemba 2016, Rujewa kule Mbarali, mwezi uliingia mbele ya jua likabaki pete. Fungua kalenda ya Kiislamu uone: Mfungo Pili ulikuwa ukingoni. Hesabu ileile.

Kinachoniuma ni kwamba nilipokuwa mtoto nilikuwa upande wa Good. Sikujiuliza mbona katika umati mzima hakuna hata mzee mmoja anayehesabu mwezi. Mwandishi alihitaji wasiwepo, la sivyo hila yote inakufa, na mimi nikameza bila kutafuna, nikiamini sayansi ni kitu kinachotoka kwenye mkoba wa mgeni.

Hata hivyo sijakitupa. Ni kitamu, na mdogo wangu wa darasa la sita ameshakinyakua mezani. Nimemchomekea karatasi kwenye ukurasa ule, yenye duara tatu: jua, mwezi, dunia. Kazi yake ni kuzipanga.