Taya Tatu za Chuma

Ufunguo wa chaki ya drili ukigoma kuzunguka, mwenye haraka hutafuta kipande cha bomba, akakivika kwenye mkono wa ufunguo, akakaza kwa nguvu zote za mabega. Chaki hutii siku hiyo, na pengine kesho yake. Baadaye meno ya ufunguo yanalika, taya zinapinda, biti inaanza kuyumba, na tundu la milimita 10 linatoka pana hata bolti inacheza ndani yake. Nataka kumsifu fundi yule mwingine: anayezima mashine, akachomoa waya, akaifungua chaki aone ndani kuna nini.

Kazi hiyo haina mteja. Hakuna anayekuja karakana ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kulipia usafi wa chaki. Watu hulipia geti, dirisha la nondo, tela la kubebea ufuta, au kipuri cha karasha la wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Ruangwa. Lakini vyote hivyo vina matundu, na biti iliyoyatoboa ilishikwa na taya tatu ambazo mteja hakuziona.

Chaki ya namna hii, ya ufunguo wenye meno, ilipewa hataza huko Marekani mwaka 1902 kwa jina la Arthur Irving Jacobs, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Ndani ya kiwiliwili kuna njia tatu za mshazari. Taya huteremka humo zikisukumwa na nati, na nati huzungushwa na gamba la nje. Sehemu ni chache, hivyo hata sababu za kukaza ni chache: vumbi la chuma limegandana na grisi ya zamani, kutu imeingia wakati wa masika, au taya imechubuka na kuota vinundu kwa sababu biti ilizunguka ndani yake ikiwa haijakamatwa sawasawa.

Kwanza taya hurudishwa ndani kabisa. Kwenye drili nyingi za kusimama, shina la chaki lina mchongoko unaokaa kwa kubana tu, bila skrubu. Fundi hupitisha kabari kwenye upenyo ulio ubavuni, akaigonga, mkono wa pili ukiidaka chaki isiangukie meza. Halafu gamba huegemezwa kwenye kipande cha bomba na kukandamizwa kwa jiliwa, kidogo kidogo, mpaka lichomoke. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya bomba katika shughuli hii.

Hapo uangalifu wa fundi ndipo unapoonekana. Nati hutoka ikiwa vipande viwili, na vipande hivyo hukubaliana kwa upande mmoja tu, pale vilipopasuliwa kiwandani. Taya nazo hazifanani, ingawa jicho la haraka litaapa kwamba zinafanana: thredi za kila moja zimeanzia mahali tofauti kidogo, ili zote tatu zifike katikati kwa pamoja. Ukizichanganya, moja itatangulia na mbili zitabaki nyuma. Kwa hiyo kila taya huwekewa alama pamoja na njia yake kabla ya kuguswa na mafuta ya taa. Baada ya kuoshwa kwa burashi, vile vinundu huondolewa kwa jiwe laini la kunolea, kwa mkono mwepesi, si kwa tupa, maana tupa ikila zaidi ya inavyopaswa hakuna wa kurudisha chuma.

Nachingwea ina historia yake na mashine zisizofunguliwa kwa wakati. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Reli ilijengwa kutoka Mtwara, na misitu ikafyekwa kwa mitambo ambayo mingi ilikuwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea. Udongo na uhaba wa mvua vilichangia, sikatai. Hata hivyo matrekta mengi yalilala yakingoja spea na mafundi, na kwangu mimi hilo linaumiza kuliko ukame, kwa kuwa lilikuwa ndani ya uwezo wa watu.

Ruangwa, jirani yake, imejaliwa kitu ambacho chaki inakihitaji: madini ya kinywe, yanayojulikana kule Chilalo na Matambarare. Kinywe kimepangika kwa matabaka yanayoteleza moja juu ya jingine, na kwa kuwa ni kikavu hakinasi vumbi la chuma kama inavyofanya grisi nzito. Unga kidogo kwenye thredi za taya unatosha. Lakini uwe umesafishwa. Mwamba kama ulivyochimbwa una mchanga ndani yake, na mchanga ungesaga thredi hizohizo tunazotaka kuzilinda. Asiye na unga safi apake mafuta mepesi, tone kwa tone, afute yaliyozidi.

Zipo chaki zisizoponyeka. Kiwiliwili kikipata ufa, au taya zilizopinda zikikamata biti iliyonyooka na ncha yake bado inachora duara, ununuzi hauepukiki, hata kama ni kuagiza Gerezani, Dar es Salaam, na kusubiri basi. Chaki mpya mara nyingi hufika ikiwa nzito kuzungushwa, kwa sababu ya mafuta mazito ya kuzuia kutu. Nayo ioshwe. Mchongoko wa shina na tundu lake vifutwe hadi vikauke kabisa, taya zirudishwe ndani, kisha chaki igongwe mara moja kwa nyundo ya mbao, maana nyundo ya chuma huweza kuiharibu kabla haijatoboa tundu la kwanza.