Kunjo la Tranka

Dada yangu alinipigia simu mwezi Aprili, saa tatu usiku, na hakunisalimia. "Kaka, njoo uongee na mtoto wako." Mtoto ni wake, ila akikosea huwa wangu.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Binti alimaliza kidato cha nne Novemba, matokeo yakatoka Januari, mazuri, na ukoo mzima tukaanza kumwita daktari. PCB ilikuwa imeshajazwa: fizikia, kemia na baiolojia. Kisha dirisha la kubadilisha machaguo likafunguliwa. Akaingia kwenye mfumo wa machaguo, Selform, peke yake, kwa simu ya mama yake, akaiondoa PCB na kuweka stashahada ya uhandisi mitambo. "Kisa ni yule mzee wa Gerezani," dada alisema. "Amemfanya mtoto wangu fundi bati." Alilitamka neno hilo kama anayetaja ugonjwa wa ngozi.

Nikaahidi kwenda Gerezani, kule kwa mafundi wa Dar es Salaam, kumrudisha. Sikumrudisha. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, na kesho yake nikarudi bila kutumwa na mtu.

Aliyesoma bweni hahitaji kuelezwa tranka ni nini. Kwenye fomu ya kujiunga liko palepale karibu na godoro na jembe: tranka moja, lenye kufuli. Majirani zetu Wakenya huliita sanduku tu, nadhani kwa sababu hawalipendi kama sisi. Ndani unaweka madaftari, sabuni, sukari, karanga na barua usizotaka zisomwe. Juu yake unaketi, unapiga pasi, unasomea. Katika bweni la watu themanini, hiyo ndiyo nyumba yako pekee yenye mlango. Langu lilikuwa la bluu, na aliyeniandikia jina kwa rangi nyeupe alikosea herufi moja, nikalibeba kosa hilo miaka sita. Katika miaka yote hiyo sikujiuliza hata siku moja kitu hiki hutengenezwaje.

Mpwa wangu hakuanzia Gerezani. Kutoka mtihani wa Novemba hadi kidato cha tano kinapoanza Julai ni miezi mingi ya kukaa bure, na mama yake alimtafutia pa kujishikiza. Kwanza duka la dawa, kwa kuwa ni daktari ajaye. Alifuta vumbi kwenye rafu na kuhesabu vidonge. Kisha stesheneri ya rafiki wa mama, akitoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Kazi zote mbili anazikumbuka bila chuki na bila hamu. Mapema Januari alitumwa pamoja na mdogo wake, aliyekuwa anaanza kidato cha kwanza, wakanunue tranka. Yaliyokuwa tayari yamekwisha, maana huo ndio msimu wake. Wakaambiwa wasubiri moja limalizike. Mdogo akasinzia. Dada mtu akauliza kwa nini ubavu wa tranka unapigwa ile mistari.

Mzee hakumjibu kwa mdomo. Alikata kipande cha bati chenye ukubwa wa daftari, akampa. "Shika ncha moja." Kikalegea na kuinama kama chapati ya moto. Akakichukua, akakilaza juu ya chuma chenye mfereji, akakipiga kwa patasi butu kutoka ncha hadi ncha mpaka ukatokea mfuo mmoja katikati, akamrudishia. "Shika tena." Hakikuinama.

Jibu la darasani lipo, na binti alilitafuta usiku uleule. Ukakamavu wa bati hufuata unene wake kwa kipeo cha tatu: likiwa nene mara mbili, hukakamaa mara nane. Lakini bati nene ni zito na ni ghali, na mtoto atalibeba kichwani kutoka stendi. Mfuo hulipa bati jembamba mgongo bila kuongeza uzito hata wa punje. Kesho yake alikuwa mlangoni kwa mzee kabla banda halijafunguliwa.

Banda lenyewe halipo mbali na Kariakoo, na utalifikia kwa masikio kabla ya macho. Mlio wa wanaokata mapipa ni mzito, wa majiko ya mkaa ni wa haraka haraka. Wa matranka una mapigo matatu, kituo, mapigo matatu. Nilidhani kile kituo ni cha kupumzika. Ni cha kutazama.

Kazi huanza kimya. Shiti ya futi nne kwa nane inalazwa chini, na kwa muda mrefu hakuna kinachopigwa. Bati hununuliwa kwa geji, na geji ina ukorofi wake: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba, mnunuzi mgeni hudhani kinyume. Mzee anapima kwa futi, anaweka skwea, anachora. Nilichukua muda kugundua kwamba anatumia vitu viwili kuchorea. Mstari wa kukata anaukwaruza kwa msumari ulionolewa. Mstari wa kukunja anauchora kwa penseli, kamwe si kwa msumari. Nikauliza. Mpwa wangu ndiye aliyejibu, bila kuinua kichwa: "Mjomba, ukikwaruza mahali pa kukunja unatoa zinki. Kutu itaanzia hapohapo." Zinki ni ule weupe unaong'aa juu ya bati. Hewa na maji vinapokuja, yenyewe huliwa kwanza, na chuma kilicho chini yake kinasalia. Kemia hiyo mimi niliifaulu kwenye mtihani. Sikujua kwamba ndiyo inayoamua fundi ashike penseli au msumari.

Kisha kuna kile ambacho mzee anakiita haki ya kunjo. Ukitaka kuunganisha bati mbili kwa kunjo la robo inchi, haitoshi kupima ubavu na kukata. Kunjo linakula. Robo linachukua upande mmoja na nusu upande wa pili, jumla robo tatu ya inchi, na usipoiacha mapema hutaipata tena. Kingo ya mfuniko, inayofungwa waya ndani ili isikate vidole, nayo ina haki yake: mara mbili na nusu ya unene wa waya. Hakuna mahali mzee ameyaandika haya. Anayataja kama mtu anayetaja majina ya wajukuu.

Kukata ni kwa mkasi wa bati, na pale kwenye kona mkasi unasimama unywele mmoja kabla ya mstari. Ukiupita, kona itakuwa na tundu, na tundu la kona halizibiki. Halafu bati linabanwa kati ya vipande viwili vya engo, na nyundo ya mti inaingia kazini. Ya mzee ni ya mkwaju, imeliwa upande mmoja mpaka imepinda kama kisigino cha kiatu cha mtembezi. Kwa nini mti? Nyundo ya chuma ikipiga bati juu ya chuma hulitanua, na bati likishatanuka halirudi, hubaki na wimbi la milele. Mti husukuma tu. Mzee anapita mara nne, kutoka ncha hadi ncha, kila mara akiliinamisha kidogo. Vijana wa banda la pili wanalikunja kwa mpito mmoja na wanauza matatu wakati yeye anauza moja. Niliyatazama ya kwao. Yanafunga. Ila ukiweka macho sawa na ubavu unaona bahari.

Sasa kunjo lenyewe, ambalo ndilo lililonirudisha siku ya pili. Bati moja limepindwa ndoano kwenda juu, jingine kwenda chini. Ndoano zinavishana. Mzee anavuta kidogo, anasikiliza mkwaruzo, anavuta tena, kisha anazilaza juu ya kipande cha reli ya treni na kuanza yale mapigo matatu. Ndoano zinalala, zinabanana, zinakuwa utepe mmoja bapa. Hakuna gundi, hakuna riveti, hakuna kulehemu. Bati limeshika bati. Kadiri unavyovuta kutoka nje, ndivyo linavyozidi kubana. Kulehemu kungeliharibu: bati jembamba hivi hutoboka kwa moto, na moshi wa zinki ukiuvuta sana utalala na homa na kutetemeka usiku huo. Hivyo kiungo kigumu kuliko vyote katika tranka ni kile ambacho hakikuongezwa kitu.

Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, watalii hupiga picha makasha ya kale yenye misumari ya shaba na droo za siri. Wana haki, ni mazuri. Tranka halina mpiga picha. Mimi nimeyaona yote mawili kwa karibu, na kwa upande wa kiungo siwezi kusema kasha limelizidi tranka la mzee huyu.

Tranka la kwanza la mpwa wangu lilikuwa zuri mpaka kwenye mfuniko. Alipima sanduku, akakata mfuniko wa kipimo hichohicho, akakunja, akafunga waya, akapaka hata rangi. Ulikuwa sawasawa kabisa na sanduku, ndiyo maana haukuingia. Alijaribu kuusukuma kwa goti. Mzee akamwambia: "Umepima vizuri, mwanangu. Umesahau tu kwamba bati lina unene." Nusu milimita huku, nusu huku, na penye kunjo tabaka nne zimelaliana, tayari ni milimita mbili. Daftarini mstari hauna unene. Miaka kumi na moja ya shule binti alikuwa anachora masanduku yasiyo na unene na kupata vema.

Mzee hakulirekebisha, wala hakumruhusu alivunje. Alimwamuru aweke vifaa vyake humo, likae wazi mbele ya wateja. La pili lilifunga kwa kofi. La tano, nililoliona mimi, mfuniko wake ulishuka polepole wenyewe, ukisukuma hewa nje kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi.

Wateja wengine bado humwuliza binti mama lishe yuko upande gani. Humwonyesha kwa kidole, kisha anaendelea kupiga.

Siku ya pili nilijikaza nikasema nililotumwa. "Mzee wangu, huyu alikuwa awe daktari." Hakunijibu mpaka alipofika mwisho wa kunjo, kwa sababu kunjo haliachwi katikati. Kisha akasema, na ninaweka maneno yake kama nilivyoyasikia: "Mimi sikumwambia aache alilokuwa nalo. Aliniuliza kwa nini mfuo unakaza bati. Mimi najua kwamba unakaza, nimejua tangu kijana. Kwa nini, sijui. Nikamwambia aende kwa wanaojua, halafu aje aniambie."

Nilikosa la kujibu. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu, mwaka 1967, tumekuwa tukihubiri kwamba mkono na kitabu ni ndugu. Mwaka 2024 mtaala mpya ulileta mkondo wa amali kuanzia kidato cha kwanza, na mimi mwenyewe niliusifu kibarazani, kwa sauti. Kumbe ufundi nilioukubali ulikuwa wa mtoto wa jirani. Mzee ambaye hakuingia sekondari alikuwa amemsukuma binti kwenda shule kwa nguvu kuliko sisi tuliomwita daktari, na kwa sababu nzuri zaidi: alikuwa na swali.

Dada nilimweleza kwa mafungu. Kwamba stashahada si kuacha shule. Kwamba Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, aliyoiweka binti chaguo la kwanza, ilianza mwaka 1957 na haijawahi kuwa kijiwe. Kwamba mwili wa binadamu nao una maungio. Hili la mwisho lilimuudhi. Hadi leo hajafika Gerezani, na hapendi nipataje. Lakini lile tranka la kwanza, lisilofunga, liko jikoni kwake. Anahifadhia unga, na juu ya mfuniko ameweka kinu.

Nawe ukienda kununua Januari, usianze na rangi wala kufuli. Lipindue. Pitisha ukucha kwenye kunjo la chini, kutoka kona hadi kona, polepole. Ukucha ukikwama mahali, mwombe fundi akupe jingine.