Burgess hamjui mrudiaji

Wandugu, tulisoma duara za Burgess za 1925. Tusizikatae juu ya ziwa letu. Hata Chicago iko kando ya ziwa. Kasoro iko kwingine. Kwake, mgeni anaanzia karibu na katikati ya mji, akipata hela anahamia nje. Sasa Baraka? Vita vilikimbiza watu mpaka Tanzania, na toka 2005 meli zikawarudisha kupitia bandari hii hii. Anayerudi si mgeni: anatafuta parseli ya baba yake, na mara nyingi anakuta mwingine amejenga. Mgogoro huo ndio unapanga mitaa yetu, na hauna duara. Wewe unayeandika TFC, anzia kwenye parseli, ndio ufungue Burgess.