Hongera, Watu wa Maabara

Mwaka 2020, wakati wa korona, kijiti cha pamba kilichotolewa puani mwa mtu wa Likoni kilivuka feri, kikapita Kisauni na Mtwapa ndani ya kasha la barafu, hadi maabara ya KEMRI kule Kilifi. Kuchelewa kwa majibu tulikulalamikia wengi. Waliokesha kuyatafuta tuliwakumbuka wachache.

Nawavulia kofia. Vitendanishi hutolewa kwenye friza vikawekwa juu ya barafu, maana vimeng'enya havipendi joto, na joto la Pwani halina adabu. Mikrolita chache hupimwa kwa pipeti, ncha ikatupwa, pipeti ikavishwa mpya; ncha ikirudiwa, mzima huweza kusomeka mgonjwa. Kirusi cha korona hubeba RNA, kwa hiyo RNA hiyo hugeuzwa kwanza kuwa DNA. Kisha mashine hupasha na kupoza, na kila mzunguko nakala za DNA hiyo hukaribia kuongezeka maradufu: kwa hesabu, mizunguko 30 huzaa zaidi ya bilioni kutoka nakala moja.

Kila sahani ina kisima kisichotiwa sampuli, maji matupu. Hicho kikiwaka, ni dalili ya uchafuzi, na kazi yote inarudiwa, hata iwe saa nane usiku.