Pongezi kwa Vitabu vya Mwongozo wa Pemba

Kitabu cha mwongozo humfaa sana anayepanga safari ya Pemba, kisiwa kinachopata watalii wachache kuliko Unguja. Wachapishaji wa Bradt, Uingereza, wameiingiza Pemba pamoja na Mafia katika mwongozo wao wa Zanzibar. Kitabu cha aina hii hueleza kwamba meli za Unguja hufunga gati Mkoani, na kwamba mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei. Huelekeza pia kupanda daladala ya Chake Chake hadi Konde, kisha pikipiki hadi Msitu wa Ngezi, makazi ya popo wa Pemba asiyepatikana kwingine duniani. Waandishi wake wanastahili heko. Ratiba hubadilika, hivyo msafiri athibitishe kwa wenyeji.