Mafuta Yaliyonyweshwa Ozoni

Mashariki mwa Kongo, msafiri apandaye kutoka Sake kuelekea Kitchanga hupita Kirolirwe, katikati ya malisho ya Masisi, ambako ng'ombe ndiye mali na siagi yake, licha ya kuliwa, hupakwa ngozi ya mtoto. Naye akishuka magharibi hata misitu ya Walikale huona malisho yakikoma na michikichi ikishika zamu. Nchi mbili hizo, ya baridi na ya joto, zilikuwa na elimu yao ya marhamu kabla kemia haijazifikia, na kwa sababu hiyo zafaa kuwa mizani ya kupimia bidhaa inayosifiwa sana siku hizi, yaani mafuta ya mimea yaliyopitishiwa hewa ya ozoni, ambayo wauzaji wake hupenda kuyaita tiba ya jadi. Mimi naona sanaa mbili hizi, ya marhamu ya kale na ya ozoni, hazina nasaba moja.

Tazama kwanza ile ya kale. Tunda la mchikichi hutoa mafuta ya namna mbili: mawese mekundu yatokayo katika nyama ya tunda, na mafuta meusi yatokayo katika kiini cha kokwa. Kokwa hupasuliwa, kiini kikakaangwa pasipo maji hata kigeuke cheusi, kikatwangwa, kikachemshwa, na mafuta yaeleayo juu yakaenguliwa na kurudishwa motoni mpaka maji yote yaishe. Weusi na harufu ya moshi ni athari ya kikaango. Mafuta hayo hupakwa watoto wachanga na ngozi iliyokauka, na kazi yake kubwa ni kufunika, ili unyevu wa mwili usipotee. Hayageuzi kitu, hulinda tu.

Sanaa mpya hutenda kinyume. Ozoni, iliyotambuliwa na Christian Friedrich Schönbein mjini Basel mwaka 1839, ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili, na chombo cha kuitengeneza kwa wingi kilibuniwa na Werner von Siemens mwaka 1857: oksijeni hupitishwa katika mwanya mwembamba baina ya kuta za kioo, umeme wenye nguvu kubwa ukapenya mwanya huo bila cheche, na sehemu ya hewa ile ikavunjika na kuungana upya tatutatu. Oksijeni hiyo sharti iwe kavu na safi, kwani anayetumia hewa ya kawaida yenye unyevu hupata ozoni haba na, juu ya hasara hiyo, huzalisha tindikali ya naitriki. Kisha hewa hiyo yenye ozoni huingizwa katika mafuta kwa mapovu madogo, ndani ya chombo cha kioo kilichozungukwa na maji baridi, kwa muda wa saa nyingi. Mirija ya mpira haifai hata kidogo, maana ozoni huula mpira. Na ni ajabu ya historia kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Wakongo walipokuwa wakilazimishwa kugema mpira kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mkemia Mjerumani Carl Harries alikuwa akiuvunja mpira kwa ozoni ili ajue umbo lake la ndani.

Ozoni hushambulia mahali ambapo atomu mbili za kaboni zimeshikana kwa kiungo maradufu. Kiungo hukatika, na mahali pake huzaliwa ozonidi, pete ya oksijeni tatu na kaboni mbili, kwa njia iliyokuja kuelezwa na Rudolf Criegee. Ozonidi na peroksidi ziandamanazo nazo ndizo ziuazo vijidudu, na ndizo zinazoyafanya mafuta kuwa mazito, hata mengine kuganda, na kunuka kwa ukali. Basi mafuta haya ni ndugu wa mafuta yaliyochacha: kile mpishi anachokikimbia jikoni, fundi huyu hukitafuta kwa makusudi, akakiongoza na kukizuia kabla hakijapita kiasi.

Hapo ndipo tofauti ya mimea inapodhihirika. Wingi wa viungo maradufu hupimwa kwa gramu za iodini zinazonywewa na gramu 100 za mafuta: alizeti hunywa 118 hadi 141, mbarika 82 hadi 90, mawese 50 hadi 55, ilhali mafuta ya kiini cha mchikichi hunywa 14 hadi 21 tu. Kwa hiyo marhamu nyeusi ya Walikale, iliyo bora kwa ngozi ya mtoto, ni dhaifu kabisa kwa kazi ya ozoni. Mawese nayo yangepata hasara nyingine, kwa kuwa karotini iyapayo wekundu imejaa viungo maradufu; ozoni ingeila, mafuta yakapauka, na chimbuko la vitamini A likapotea bure. Fundi wa nyanda hizi angepaswa kutafuta mbarika au alizeti.

Kuhusu manufaa yake, Wakuba ndio walioyachunguza sana, kwa mafuta yao ya alizeti yaitwayo Oleozon, ambayo yalilinganishwa na dawa ya ketokonazoli katika kutibu fangasi wa miguu. Hilo ni jambo la ngozi, na haliruhusu mtu kuyanywa wala kuivuta hewa yenyewe, ambayo huunguza mapafu; Marekani, kwa kanuni zake za dawa, huihesabu ozoni kuwa hewa ya sumu isiyo na matumizi ya tiba yanayojulikana. Na kwa kuwa peroksidi hupungua kadiri joto na siku zinavyopita, muuzaji anayeshindwa kutaja kipimo cha peroksidi cha chupa yake na tarehe kilipopimwa anauza jina la ozoni tu.